Bwana Game na Majirani Zake

George Adamson alikiita kitabu chake cha 1968 Bwana Game, na sidhani kuna anwani nyingine inayoieleza kazi ya mlinzi wa wanyamapori kwa maneno machache hivyo. Neno moja la Kiswahili, moja la Kiingereza, na kati yao uhusiano mzima: kuna wanyama, kuna anayewasimamia, halafu kuna sisi tunaomwita Bwana. Marekani kitabu hichohicho kiliuzwa kama A Lifetime with Lions. Kule walitaka simba. Mambo ya Bwana yalikuwa yetu.

Vitabu vya namna hii vimekuwa utanzu kamili katika maandishi ya Kiingereza kuhusu Kenya. Mwanamume anapewa eneo kubwa la ardhi ya umma, Land Rover, askari kadhaa na mshahara mdogo. Anapigana na majangili, na ukame, na wakubwa wa Nairobi wasioelewa kitu. Anafuga mnyama mmoja yatima. Mwishoni anastaafu na kuandika. Nimerudia vitatu vya utanzu huu pamoja na hicho cha Adamson: Fly, Vulture cha Mervyn Cowie (1961), Wildlife Wars cha Richard Leakey akishirikiana na Virginia Morell (2001), na In the Dust of Kilimanjaro cha David Western (1997). Nimevisomea Kitengela, na hapo ndipo ugomvi wangu navyo ulipoanzia.

Mahali pa kusomea ni muhimu hapa. Ukiwa Lang'ata, Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni kitu chenye geti. Unalipa, unaingia Jumapili na watoto, unaona twiga na majengo ya jiji nyuma yake, unatoka. Ni mahali pa mapumziko, na wardeni ni kama mwenyeji wako. Lakini mbuga hii ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini mpaka wake ni mto Mbagathi, bila ua. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda tambarare za Athi-Kaputiei, na simba huwafuata. Kiangazi kikija hurudi kwenye maji ya mbuga. Kwa hiyo huku ng'ambo wardeni hawezi kuwa mwenyeji wa mtu. Ni jirani ambaye mifugo yake inalala kwako bila kuomba. Na mtu anayeitwa jirani ndiye mhusika ambaye utanzu huu haujui kumwandika.

Nianze na Cowie, maana ndiye mwandishi wa ujanja kuliko wote, na haupati heshima ujanja wake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1909, akasomea uhasibu Uingereza, akarudi akakuta wanyama wanapungua na serikali haina haraka. Alifanya nini? Aliandika barua kwa East African Standard, akaitia sahihi ya "Old Settler", mlowezi mkongwe wa kubuni, akipendekeza wanyamapori wote wa koloni wauawe ili nchi iendelee. Wasomaji waliruka juu. Barua za hasira zikamiminika, mikutano ikaitishwa, kamati ikaundwa, na Desemba 1946 Nairobi ikawa mbuga ya kwanza ya taifa Kenya. Cowie mwenyewe akawa mkurugenzi.

Maana yake mbuga yetu ya kwanza ilizaliwa na kipande cha hadithi ya kubuni. Sisemi hivi kwa kejeli. Ni mbinu ileile ya Jonathan Swift mwaka 1729 alipopendekeza watoto wa maskini wa Ireland waliwe: unamvaa mtu mwenye hoja ya kinyama, unampa sauti tulivu, unamwacha msomaji ajigundue. Tofauti ni kwamba Swift humwachi msomaji wake mlango wa kutokea. Cowie alimfungulia. Mlowezi aliyesoma barua ile angeweza kuandika barua ya kujibu, akahudhuria mkutano mmoja, na kulala akijiona mlinzi wa uumbaji.

Lakini angalia ni nani alikuwa anaandikiwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, katika gazeti la walowezi, kuhusu eneo ambalo Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe. Hawa ni watu waliokwisha kutiwa kwenye hifadhi mbili kwa mkataba wa 1904, kisha kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia wasukumwe kusini. Mbuga ilipotangazwa, malisho yakafungwa. Katika masimulizi ya Cowie mchungaji na ng'ombe wake ni tatizo la kiusimamizi, kama magugu. Sauti ya "Old Settler" ilitungwa kwa uangalifu wote wa mwandishi hodari. Mchungaji hakutungiwa hata sauti ya uongo.

Sasa ruka hadi Juni 2012. Simba sita waliovuka kutoka mbugani waliuawa Kitengela na wakazi waliochoka kupoteza mifugo, maafisa wa KWS wakiwapo. Magazeti yaliandika kwa mshtuko. Kwangu mimi, tukio lile ni jibu la barua ya Cowie lililochelewa zaidi ya miaka sabini. Hoja ya mlowezi wa kubuni, kwamba mnyama na maisha yangu haviwezi kukaa pamoja, ilisemwa mchana na watu halisi wenye majina na mikuki. Hawakuwa na gazeti, na hakuna kejeli yoyote waliyokusudia.

Filamu iliyotokana na maisha ya Cowie, Where No Vultures Fly ya Harry Watt (1951), naipita haraka. Sehemu kubwa ilipigwa Amboseli, kwa hiyo Kajiado iliigiza Kenya nzima, na Kilimanjaro ukaigiza pazia la nyuma. Anthony Steel anaingia, anapiga kelele, anashinda wauza pembe. Watu wa pale wamo, tena wengi, wakibeba vitu.

Kuna pengo lingine kwenye rafu hii. Mwaka 1966 Cowie alimwachia kiti Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuongoza Mbuga za Taifa za Kenya. Daniel Sindiyo, Mmaasai aliyepanda kutoka uwardeni, alikuja kuongoza idara nzima ya wanyamapori baada ya mbuga na idara ya zamani ya wanyama kuunganishwa mwaka 1976. Ni wakati huohuo, 1977, uwindaji ulipigwa marufuku. Hiyo ni miaka ishirini na zaidi ya maamuzi mazito yaliyofanywa na watu ambao, kwenye rafu yangu, wanaonekana katika kurasa za watu wengine tu. Mara nyingi wanaonekana kama mtangulizi aliyeacha mambo yakiharibika. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa ndiye uliyeandika.

Wildlife Wars ni kitabu kinachosomeka upesi, na hiyo ndiyo sifa yake na kasoro yake. Jina linakwambia: hapa kuna vita. Leakey anateuliwa Aprili 1989, anakuta majangili wenye bunduki za kivita, anawapa askari ruhusa ya kufyatua, na tarehe 18 Julai Rais Moi anawasha moto tani 12 za pembe ndani ya Mbuga ya Nairobi. Hadithi ya vita inahitaji adui, na kwa ndovu wa Tsavo adui alikuwepo kweli. Sitaki kumnyima haki yake. Ila muundo huo ukiuleta Kajiado unakwama. Adui ni nani Isinya? Mama aliyeamka akakuta kondoo wanane wamelala chali? Broka wa ploti? Kijana aliyepigilia nguzo za fensi kwa sababu baba amemgawia ekari tano?

Mwaka 2016 unaonyesha kukwama huko kuliko uchambuzi wowote. Machi 30, simba mmoja aliyejulikana kwa jina Mohawk, kwa sababu ya shungi lake, alitembea hadi Isinya. Watu walimzunguka, akamjeruhi mtu, askari wa KWS wakampiga risasi akafa. Mwezi mmoja kamili baadaye, Aprili 30, tani 105 za pembe zikachomwa kwenye mbuga ileile aliyotoka Mohawk, mbele ya kamera za dunia. Leakey alikuwa amerudi, safari hii kama mwenyekiti wa bodi ya KWS. Moto una picha nzuri. Kifo cha Mohawk kina video za simu zinazotikisika, kelele, na hakuna anayejua afanye nini. Utanzu una lugha ya lile la kwanza. La pili halina mwandishi. Na katika bodi hiyohiyo Leakey aliunga mkono reli ya SGR ipite juu ya mbuga kwa daraja la kilomita kama sita. Labda alikuwa sahihi kwamba daraja lilikuwa afadhali kuliko njia nyingine, sijui kama kuna atakayenishawishi, lakini ilikuwa hoja ya mtu wa mazungumzo na hesabu. Shujaa wa kitabu cha 2001 angemfukuza.

Western ndiye ninayerudi kwake. Kwanza kwa sababu anaandika Kajiado kwa jina, kwa vumbi na kwa msimu. Pili kwa sababu ana mtu wa kumbishia. Alifika Amboseli mwaka 1967 akiwa kijana mtafiti, na akakutana na Parashino Ole Purdul, mzee wa Kimaasai anayebeba nusu ya kitabu. Parashino haji kwenye ukurasa kama mpagazi. Anauliza maswali mabaya. Anataka kujua kwa nini mtu mzima anahesabu pundamilia, na ni nani atafaidika hesabu ikiisha. Western anamwacha aulize, na wakati mwingine hana jibu. Katika utanzu ambao Kiswahili chake chote ni bwana, safari, posho na shauri, mzee anayeweza kumnyamazisha daktari ni mapinduzi madogo.

Hapo ndipo kitabu kinapata pia hoja yake kubwa. Amboseli, anavyoiona Western, haikuwa pori tupu lililosubiri kulindwa. Ng'ombe wakila majani, vichaka hupata nafasi. Ndovu wakivunja vichaka, majani hurudi. Wamaasai wanalijua hilo kwa msemo. Ukiwatoa ng'ombe kwa jina la uhifadhi unaharibu kile ulichokuja kukihifadhi. Hoja hii ilimfanya, alipoongoza KWS kuanzia 1994, asukume wazo la mbuga zilizovuka mipaka ya mbuga. Hifadhi ya jamii ya Kimana ilifunguliwa mwaka 1996 katika wilaya hii hii ya Kajiado, ardhi ikiwa ya wenyewe. Mwaka unaofuata kitabu kikatoka.

Malalamiko yangu na Western ni ya msomaji anayempenda. Parashino anaongea, lakini ni Western anayechagua lini. Maa yake inatufikia ikiwa imeshakuwa Kiingereza kizuri mno. Na kuna jambo kubwa zaidi: ulimwengu wa Parashino ni wa ardhi ya pamoja, ya ranchi za kikundi zilizotungiwa sheria mwaka 1968. Wazee wanakaa chini ya mti na neno lao linafunga maelfu ya ekari. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa imegawanywa tangu 1988, karibu miaka kumi kabla kitabu hakijachapwa. Kila mwanachama akapata hati yake. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, likaanzishwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Noonkopir, kituo kidogo cha duka na kichinjio kando ya barabara ya Namanga, kikawa mji. Mti wa wazee ukawa ndani ya ua wa mtu.

Hati inabadilisha hadithi. Jirani mwenye hati si kikwazo, wala si mzee wa hekima; ni mwenye mali. Wardeni wa Nairobi, mwenye kilomita za mraba 117 na wanyama wanaohitaji mara nyingi zaidi ya hizo, ghafla ndiye anayeomba. Nani ameandika kitabu ambacho Bwana Game anaomba?

Karibu zaidi nilichopata ni mkataba. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyama uliwalipa wenye mashamba Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kama shilingi 300 za wakati ule. Masharti ni machache: usiweke ua, usiuze, usiue wanyama. Na malipo yalipangwa yafike wakati wa karo. Kama mhakiki nasema hayo ndiyo maandishi bora zaidi ya uhifadhi yaliyowahi kuandikwa kuhusu mahali hapa, kwa sababu aliyeyatunga alimjua msomaji wake. Alijua Januari ni mwezi gani nyumbani kwa mtu. Ila alijua pia, bila shaka, kwamba ekari moja inatoa ploti nane za 50 kwa 100, na kwamba hakuna dola 4 itakayoshindana na hesabu hiyo kwa muda mrefu.

John Mbaria na Mordecai Ogada walipochapisha The Big Conservation Lie mwaka 2016, wengi wetu tulishangilia kabla ya kumaliza kukisoma. Hatimaye kuna waliosema kwa sauti kwamba uhifadhi Kenya una rangi ya ngozi, una wafadhili, na una tabia ya kumgeuza mwenyeji kuwa jangili. Ogada alifanya kazi ndani ya sekta hiyo Laikipia, hakuambiwa. Kitabu kilihitajika, na bado kinahitajika. Lakini kama maandishi kinarithi mfupa uleule. Kuna mashujaa, kuna maadui, vita vinaendelea, ila pande zimebadilishana jezi. Mama wa kondoo wanane anabaki ushahidi wa upande fulani. Bado hajaulizwa anataka kufanya nini na ekari zake.

Kwa kando tu: ukitaka kumwona msimamizi wa ardhi ya umma ambaye ni mtu kamili, nenda kwa riwaya. Katika Blossoms of the Savannah ya H.R. Ole Kulet, iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari kama kitabu cha kutahiniwa, kuna Minik ene Nkoitoi, anayeitwa Emakererei, meneja wa ranchi ya serikali ya kondoo. Ana cheo, ana gari, ana maadui kijijini, na anajua kila boma linamsemaje. Wavulana wote wa Bwana Game wakiwekwa pamoja hawana ufahamu wa jirani kama wa mwanamke huyo wa kubuni.

Halafu kuna maandishi mafupi kuliko yote. Sijui kama yanaitwa maandishi, maana yalisemwa jukwaani Marekani, California, Februari 2013, kwa dakika saba hivi. Richard Turere, mvulana wa Kitengela aliyepewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga, alieleza jinsi alivyowazuia simba. Kwanza alijaribu moto. Moto ukawamulikia simba njia. Kisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba aliondoka. Usiku wa pili akarudi, akaona kitu hakisogei, akaingia. Ndipo kijana alipogundua kwamba simba huogopa taa inayotembea, akafunga balbu za tochi mbovu kwenye betri kuukuu ya gari na kisanduku cha indiketa za pikipiki, zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka boma.

Moto, sanamu, taa: ni majaribio matatu ya ngano, na la tatu ndilo linalofaulu. Bibi yeyote angelisimulia vilevile. Uzuri wake ni kwamba simba ni mhusika mwenye akili, anayejifunza usiku wa pili, na msimulizi hadai kuwa mlinzi wa chochote zaidi ya ng'ombe wa nyumbani. Chuki yake kwa simba anaitaja waziwazi, na inaisha kwa sababu taa inafanya kazi. Hakuna mapenzi ya pori pale. Kuna usingizi uliopatikana. Ningetaka wanafunzi wa usimamizi wa wanyamapori waisikilize hotuba ile kwa umakini uleule wanaoupa Wildlife Wars.

Rasimu ya mpango wa usimamizi wa Mbuga ya Nairobi wa 2020–2030 ilipotolewa, ugomvi ulikuwa juu ya hoteli ndani ya mbuga na ua upande wa kusini. Wapinzani walisema ua ungeigeuza mbuga kuwa bustani ya wanyama. Walikuwa na haki. Lakini nilichokiona mimi kwenye mjadala ule ni kwamba neno lililotumika kwa watu wa huku lilikuwa "wadau". Mdau hana boma, hana Januari, hana usiku wa pili. Ni Mmaasai wa Cowie aliyepewa kiti na chupa ya maji.

Aina moja ya maandishi kuhusu wanyama ambayo jirani wa Kitengela ameombwa aiandike yeye mwenyewe ni fomu ya fidia. Sheria ya 2013 inasema shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na inaruhusu madai ya mifugo na mazao. Anajaza jina, namba ya kitambulisho, eneo, tarehe, aina ya mnyama. Fomu inapanda hadi kamati ya kaunti, kisha Nairobi, na madai mengi yanangoja miaka. Ziko kwenye mafaili, kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko wa watu ambao kwenye vitabu vyote vinne hawakupewa kalamu. Kama kuna mchapishaji anayenisikia, aanzie hapo, kwa idhini ya wenyewe, na kwa lugha waliyoandika.